Ripoti ya umeme ya fleti yangu Reading imefeli, ajenti anataka pauni 2,922, nishaurini kabla sijalipa

MwanaPangani

Wakuu habari za saa hizi. Naomba msaada hasa kwa mlioko Uingereza au mnaopangisha nyumba kule.

Nina fleti Reading, vyumba viwili, ghorofa ya tatu, jengo la 2003. Niliinunua nikiwa nafanya kazi kule, sasa nimerudi nyumbani Tanga na fleti iko chini ya ajenti, yeye ndo anakusanya kodi na kusimamia matengenezo. Wapangaji ni mke na mume na mtoto mdogo anayetambaa, watu waungwana, hawajawahi kunisumbua.

Sasa ile ripoti ya usalama wa umeme ya kila miaka mitano, wenyewe wanaita EICR, muda wake ulifika, ajenti akasema ana kampuni anayofanya nayo kazi siku zote, ukaguzi pauni 180, nikamwambia sawa. Ripoti imekuja imeandikwa hairidhishi na imeambatanishwa na makadirio ya matengenezo ya kampuni ileile. Nawaandikia kama ilivyo: DB (lile sanduku kuu la swichi za umeme wa nyumba) ni ya plastiki, C2, kubadilisha pauni 985. Soketi na bafu havina kinga ya RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja), C2, pauni 260. Taa ya dari bafuni siyo ya kuzuia maji, C2, pauni 145. Bomba la gesi na la maji hayajaungwa na ethi, C2, pauni 320. Soketi ya jikoni imepasuka, C2, pauni 95. Kile kisanduku umeme unapoingilia kabla ya mita kimechakaa, C2, pauni 280. Halafu waya wa jiko haukufikika, wameandika FI, eti uchunguzi zaidi pauni 350. Jumla 2,435, ukiweka VAT ni 2,922, kwa hela ya huku karibu milioni 10.

Ajenti anasema kwa sheria nina siku 28 la sivyo halmashauri inanipiga faini kubwa, na anataka jibu kabla ya Ijumaa kwa sababu fundi wake ana nafasi wiki ijayo. Nimempigia mpangaji kumuuliza ilikuwaje, akaniambia jamaa alikaa kama nusu saa, akapiga picha, akafungua DB akaangalia, na umeme haukuzimwa hata dakika moja, mkewe alikuwa anafua na mashine muda wote.

Sikatai kutengeneza. Kama kuna kitu kinaweza kumdhuru yule mtoto nitalipa leo hii. Ila nahisi napigwa. Je nalazimika kutumia kampuni hiyohiyo? Naweza kuipinga ripoti? Na nikileta fundi mwingine akasema tofauti, ripoti ipi inasimama?

---

FundiLeicester

Mkuu usilipe kwanza, lakini usikae kimya pia. Mimi ni fundi umeme huku, EICR nafanya kila wiki, na hii unayoeleza tunakutana nayo mno mpaka inatuharibia jina wote.

Siku 28 ni za kweli. Ni kanuni za England za 2020 za nyumba za kupanga, zilianza Juni 1 mwaka huo, mikataba mipya ikabanwa tangu Julai 1, 2020 na wapangaji wa zamani wote tangu Aprili 1, 2021. Ripoti ikisema kazi inahitajika, lazima ifanyike ndani ya siku 28 tangu siku ya ukaguzi, au mapema zaidi kama mkaguzi ameandika hivyo, na faini ilipoanza ilikuwa hadi pauni 30,000. Kwa hiyo ajenti hajakudanganya hapo. Ambacho hajakwambia ni kwamba hakuna popote sheria inaposema kazi ifanywe na aliyekagua. Fundi yeyote mwenye sifa anaweza kufanya, anakupa cheti na uthibitisho wa maandishi kwamba kasoro zimeondolewa, basi. Hiyo Ijumaa ni ya kalenda ya fundi wake, siyo ya sheria.

Sasa hizo kodi, yaani alama za kwenye ripoti, siyo kodi ya nyumba. C1 ni hatari iliyopo sasa hivi, mtu anaweza kupigwa shoti leo. C2 inaweza kuwa hatari. C3 ni pendekezo la kuboresha tu. FI ni uchunguzi zaidi. Ripoti inafelishwa na C1, C2 au FI. Ukiwa na C3 hata 10, ripoti inaridhisha na hakuna anayekulazimisha kitu. Ndo maana mchezo wote unachezwa kwenye kuigeuza C3 kuwa C2, maana C3 haimwingizii mtu hela.

Electrical Safety First, shirika la usalama wa umeme la huku, wana mwongozo unaitwa Best Practice Guide 4, ni bure mtandaoni, ushushe leo uusome huku ripoti iko pembeni. Siyo sheria lakini wakaguzi wote tunautambua, na ukimuuliza mkaguzi kwa nini amepita kinyume nao inabidi awe na jibu. Twende moja moja.

DB ya plastiki. Sharti la DB za majumbani kuwa na kasha lisiloshika moto lilianza Januari 2016, na ni kwa zinazofungwa kuanzia hapo. Yako ni ya 2003, ilikuwa halali kabisa. BS 7671 yenyewe, ambayo ndo msahafu wetu wa nyaya, inasema mwanzoni kabisa kwamba nyumba iliyofungwa kwa toleo la zamani si lazima iwe ya hatari kwa sababu tu toleo jipya limetoka. Plastiki peke yake, kama iko kwenye njia pekee ya kutokea au chini ya ngazi za mbao, ni C3. Ikiwa sehemu nyingine haipewi kodi kabisa. Inakuwa C2 kama kuna dalili za kuungua, nati zimelegea, plastiki imebadilika rangi. Ripoti inasema lolote kuhusu kuungua? Kuna picha?

RCD kwenye soketi. Kuwekea soketi zote za kawaida RCD kulikuja na toleo la 17, 2008. Kabla ya hapo iliangaliwa zaidi soketi ambayo mtu ataitumia kwa vifaa vya nje, mashine ya kukatia majani na kadhalika. Wewe uko ghorofa ya tatu. Hiyo ni C3. Bafuni inategemea, kama bafu lina ile bondingi ya ziada, waya wa kijani na njano unaounganisha mabomba ya chuma na saketi za bafuni, basi kukosa RCD ni C3. Kama haipo, hapo C2 ni halali. Halafu tazama bei yao: wanakubadilishia DB kwa 985 na RCD wanakuandikia 260 pembeni. DB mpya inakuja na RCD ndani yake! Unalipishwa kitu kimoja mara mbili.

Taa ya bafuni. Muulize mpangaji dari liko juu kiasi gani. Kanda za hatari bafuni zinaishia mita 2.25 kutoka sakafuni. Dari nyingi za fleti ni mita 2.4, yaani taa ya dari iko nje ya kanda na hailazimiki kuwa ya kuzuia maji.

Bondingi ya gesi na maji. Hii ndo ya maana kuliko zote, na kama kweli haipo, C2 ni sahihi, usibishane nayo. Umeme ukivuja na bomba halijaungwa, bomba lenyewe linaweza kubeba umeme na mtoto ndo yuko sakafuni analishika. Lakini bomba la maji likiingia ndani likiwa la plastiki halihitaji bondingi. Na 320 kwa fleti ni nyingi, labda iwe kazi ngumu ya kupitisha waya.

Soketi iliyopasuka. Kama sehemu zenye umeme zinaonekana au kidole kinafika, hiyo ilikuwa iwe C1 na alitakiwa aizime palepale asiiache kwenye nyumba ya mtoto. Mwambie mpangaji asiitumie tangu sasa hivi. Soketi yenyewe ni pauni chache.

Kisanduku cha kabla ya mita. Siyo chako! Ni mali ya kampuni ya usambazaji, kwa Reading ni SSEN. Kikiwa kibovu wao ndo wanatengeneza, na fundi wa kawaida haruhusiwi kukigusa. Mpangaji apige 105, ni bure. Mtu anayekutoza 280 kwa mali ya kampuni nyingine ana maelezo ya kutoa.

FI ya jiko. FI ni pale mkaguzi ameona dalili ya kitu kibaya na hakuweza kumaliza kukichunguza. Kama sehemu haikufikika inaandikwa kwenye mipaka ya ukaguzi, haifanywi FI kisha ikauzwa 350.

La mwisho na ndo kubwa. Fungua kurasa za mwisho za ripoti zenye jedwali la vipimo. Kuna ukinzani wa insulesheni kwa megaohm, mwendelezo wa ringi ya soketi (waya unaotoka DB, unazunguka soketi zote na kurudi DB), na Zs, yaani ukinzani wa njia ambayo umeme unapita ukivuja kwenda ethi. Vile viwili vya kwanza havipimiki umeme ukiwa unawaka. Kama wamejaza namba hapo na mpangaji anasema mashine ya kufulia haikusimama, waulize hizo namba zimetoka wapi.

---

Mama Zulfa

Pole kaka. Mimi nina nyumba Luton na naona tofauti kidogo. Ningelipa tu nikalala. Uko mbali, mtoto yumo ndani, ukianza kubishana na ajenti siku zinakwenda, likitokea la kutokea mtu wa kwanza kuulizwa ni wewe mwenye nyumba na karatasi inasema ulishaambiwa. Na bima nao wakiona ripoti imefeli wanaweza kukukatalia. Pesa inatafutwa, roho haitafutwi.

---

FundiLeicester

Dada Zulfa kwenye usalama nakubaliana nawe kabisa, hakuna mjadala. Ila kulipa 2,922 hakumfanyi mtoto awe salama zaidi kama aliyekagua hakupima. Hilo ndo linaloniuma. Kama vipimo havikufanyika, huenda kuna kitu kibaya kweli ndani ya zile kuta ambacho hakimo kwenye ripoti. Waya wa ringi umekatika mahali, insulesheni imeliwa na panya, ethi haifiki kwenye soketi ya chumbani. Mtu aliyeangalia DB na kupiga picha hawezi kujua. Mwenzetu atalipa taa ya dari isiyo na kosa na abaki na kosa asilolijua. Bora hela itumike kwa mtu atakayezima umeme na kupima kila saketi.

---

Wa_Likoni

Mimi niko Coventry, nimekua property manager miaka kadhaa, wacha niseme upande wa agent maana fundi ameshamaliza yake.

Boss, kwanza toa ile kontrakti yako na agent uisome polepole. Nyingi zina kiwango, kwamba kazi ya juu ya pesa fulani hawezi fanya bila idhini yako ya maandishi. Mwandikie leo kwamba hujatoa idhini ya kazi yoyote isipokuwa kuifanya hio soketi iwe salama. Email, si simu. Hao watu kwa simu husema kitu kingine.

Pili muulize swali moja straight, je, wanapata kamisheni kutoka kwa hio kampuni ya umeme? Agent hafai kula faida ya siri kwa kazi ya mteja wake, hio ni sheria ya zamani sana hapa. Wengi huongeza asilimia juu ya kila invoice na wameificha kwa maandishi madogo. Nimeona wakishusha bei saa ileile wakiulizwa tu.

Tatu, kila letting agent England lazima awe mwanachama wa mpango wa malalamiko, ni lazima tangu Oktoba 2014. Iko Property Ombudsman ama Property Redress. Unaanza kwa malalamiko rasmi kwa agent mwenyewe, unampa wiki 8, akikosa kukuridhisha unaenda huko, na hulipi kitu. Na kampuni ya umeme nayo angalia kama iko NICEIC ama NAPIT, vyama vya kusajili mafundi umeme, hao wote hupokea malalamiko juu ya kazi ya wanachama wao, hata juu ya codes. Ukipata haiko popote, hio peke yake inakuambia kitu. Ile 180 ya ukaguzi pia unaweza idai, sheria inasema huduma ifanywe kwa uangalifu na ujuzi unaofaa, na kama haikufanywa hivyo wairudie ama warudishe sehemu ya pesa. Kortini ya madai madogo unaenda mpaka pauni 10,000 lakini sidhani utafika huko.

Lakini usingoje hizo wiki 8 huku siku 28 zinaisha. Ni vitu viwili tofauti. Malalamiko yaende kivyake, repair iende kivyake.

---

MwanaPangani

Wakuu nashukuru sana, kwa kweli sikutegemea majibu ya namna hii. Nimefanya haya.

Nimemwandikia ajenti kama alivyoelekeza ndugu wa Likoni, na swali la kamisheni nimeliweka. Soketi ya jikoni mpangaji ameacha kuitumia, ametuma picha, ufa upo pembeni ila ndani hakuonekani kitu. Dari la bafu kapima kwa futi kamba, mita 2.4 kasoro kidogo. DB iko kwenye kabati la korido karibu na mlango wa kutokea, haina alama ya kuungua popote, na kwenye ripoti hawajaandika neno kuhusu kuungua.

Kwenye jedwali la vipimo, FundiLeicester, saketi zote za soketi na taa zimejazwa megaohm zilezile na Zs zilezile mpaka desimali ya pili. Ringi ya soketi imejazwa pia.

Ajenti amejibu kwamba kampuni ni ya kuaminika na wanasimamia ripoti yao. Kuhusu kamisheni ameandika kwamba kuna ada ya usimamizi imo ndani ya bei. Hajasema kiasi gani.

---

FundiLeicester

Saketi tofauti zenye urefu tofauti kuwa na Zs moja mpaka desimali ya pili, hapana. Hizo namba zimenakiliwa. Hifadhi ile PDF kama ilivyo, mwombe mpangaji akuandikie kwa barua pepe alichokiona, siku na saa.

Tafuta mkaguzi wako ambaye hana uhusiano na ajenti, na mwambie mapema kwamba hutampa yeye kazi ya matengenezo. Hapo hana sababu ya kuongeza kitu. Asipungukiwe na saa mbili au tatu kwa fleti kama yako. Anayekwambia EICR pauni 60 mkimbie, hiyo ni bei ya kuingilia mlangoni, faida yake ataitafuta kwenye C2.

Uliuliza ripoti ipi inasimama. Hakuna kanuni inayosema ya pili inafuta ya kwanza. Ila ukiwa na ya pili yenye vipimo vya kweli, imetiwa saini na mtu mwenye sifa, na C2 zake zimefanyiwa kazi ndani ya zile siku 28 za ripoti ya kwanza, halmashauri ikija una majibu ya kila kitu. Usiifiche ile ya kwanza. Weka zote mbili pamoja na barua zako.

---

Chumbe

Samahani naingilia, huku Bongo hivi vitu vipo? Mimi napangisha Mbezi sijawahi kusikia ukaguzi wa kila miaka mitano kwa nyumba ya mtu.

---

MwanaPangani

Chumbe huku ukifunga umeme mpya fundi anatakiwa awe na leseni ya EWURA ndo TANESCO wakuunganishe, baada ya hapo kwa nyumba zetu hizi za kawaida mimi sijaona mtu anarudi kukagua. Na ingefaa warudi, nyumba nyingi mtaani kwetu ethi yenyewe ni ya mashaka.

---

MwanaPangani

Wakuu narudi na mrejesho maana mlinisaidia.

Nilipata mkaguzi wa peke yake, yuko NAPIT, pauni 210. Alikaa asubuhi nzima, umeme ukazimwa, friji ikazimwa, kila soketi ikafunguliwa au kupimwa. Matokeo: C2 mbili tu. Bondingi ya bomba la gesi kweli haikuwepo. Soketi ya jikoni kweli ibadilishwe. Maji yanaingia kwa bomba la plastiki kwa hiyo hakuna cha kuunga. Bafu lina bondingi ya ziada, kukosa RCD ni C3. Soketi za nyumba nzima C3, DB ya plastiki C3 kwa sababu ya korido, taa ya bafu hakuipa kodi. Waya wa jiko aliufikia kwa kuvuta droo moja, ni mzima.

Na hapa ndo FundiLeicester aliponena. Amekuta ringi ya soketi za vyumbani imekatika upande mmoja, nati ilikuwa imelegea nyuma ya soketi moja nyuma ya kitanda. Ile ripoti ya kwanza imeandika ringi iko sawa na namba imewekwa. Ameikaza palepale, akapima tena, akaiandika kwenye ripoti.

Fundi mwingine kaja kufanya kazi: bondingi pauni 140, soketi 45. DB nimeamua kuibadilisha kwa hiari yangu, yenye RCD kwa kila saketi, pauni 590 kila kitu. Silazimiki lakini mtoto anaanza kusimama na kushikashika. SSEN walikuja wakaangalia kisanduku chao, wakasema ni kizima, hawakutoza kitu.

Mama Zulfa, ukijumlisha na ukaguzi wa pili ni 985. Bei waliyotaka kwa DB peke yake.

Malalamiko nimeyapeleka kwa ajenti rasmi na kwa chama cha ile kampuni, nimeambatanisha jedwali la vipimo. Ajenti sasa anasema kampuni itarudisha ile 180, bado haijaingia. Hata ikiingia sitaondoa malalamiko kwenye chama chao, kwa sababu fleti yangu siyo pekee waliyoikagua mwaka huu.

---

FundiLeicester

Safi sana mkuu. Yamebaki mawili. DB mpya ni kazi ya kuarifiwa chini ya Part P, ile sehemu ya kanuni za ujenzi inayohusu umeme wa majumbani, hakikisha fundi amekupa cheti cha ufungaji na kile cha kanuni za ujenzi kinachotumwa kwa posta, ukija kuuza wakili wa mnunuzi atakiulizia. Na nakala ya ripoti pamoja na uthibitisho wa kazi impate mpangaji ndani ya siku 28 baada ya kazi, na halmashauri ya Reading nayo itumiwe ndani ya siku hizohizo. Tuma mwenyewe, usimwachie ajenti.

---

Mama Zulfa

Hapo nimekubali. Mimi ya Luton inaisha mwakani, nitakutafuta inbox FundiLeicester. Na mdogo wangu ana nyumba Cardiff, kanuni ni hizihizi?

---

FundiLeicester

Karibu dada. Wales wana sheria yao, tangu Desemba 2022, miaka mitano vilevile lakini taratibu zinatofautiana. Scotland nao wana yao tangu 2015. Kodi C1, C2, C3 na ule mwongozo ni zilezile kote, kwa hiyo akiletewa C2 ya DB ya plastiki mwambie aanze na swali lilelile: kuna dalili ya kuungua, na picha iko wapi?